Ngome Kongwe na Forodhani, au Maruhubi na Mtoni: wapi uwapeleke watoto?

Ndugu yangu wa Wete, Pemba, alipopiga simu kusema anavuka na mkewe na watoto watatu likizo ya skuli, alitoa sharti moja. "Dada, pwani usitupeleke. Bahari tunayo huku, tena safi kuliko yenu. Watoto wanataka kuona walikokaa wafalme."

Nyumbani kwetu Fuoni, hapa Unguja, maneno yakaanza palepale. Mume wangu alisema Ngome Kongwe, halafu jioni bustani ya Forodhani penye vyakula, kazi imekwisha. Mamangu, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, akamkatiza: "Mkwe wangu, Ngomeni hakukaa mfalme. Walikaa askari na wafungwa. Wapelekeni Mtoni, kwenye magofu ya kasri." Mume wangu akanyamaza kwa heshima, lakini namjua. Moyoni alikuwa ameshaanza kuhesabu mishikaki.

Mwishowe tulikwenda kote, siku mbili mbalimbali ndani ya wiki moja, tukiwa na watoto saba, mdogo ana miaka mitatu na mkubwa kumi na minne. Tangu hapo kila mwenye wageni huniuliza wapi ni bora, nami siwezi kumjibu bila kwanza kumuuliza ana watoto wa umri gani na nani mzee atakayefuatana nao.

Ngomeni

Mamangu alikuwa na haki. Ngome Kongwe si kasri. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwang'oa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na waliijenga pale pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Mabaki ya kanisa hilo yamo ndani ya ukuta mpaka leo. Karne ya 19 ikawa kambi ya askari na jela. Hapo ndipo nilipowakamata watoto, kwa neno moja tu: gereza. Wataalamu wengi wa lugha wanalitoa kwenye neno la Kireno, igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Mahali pa kusalia pakawa pa kufungia watu, na neno nalo likahama maana. Mtoto wa ndugu yangu wa darasa la sita akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo shangazi, mwizi akipelekwa gerezani amepelekwa kanisani?" Alilirudia hilo siku nzima, mpaka kwa muuza miwa.

Jengo lenyewe mtoto analielewa bila kuambiwa. Kuta ni nene, za mawe na chokaa, juu zina meno kama ya msumeno, pembeni kuna minara. Ukimwambia "hapa walikaa walinzi wakitazama bahari", keshapanda ngazi, keshakuwa mlinzi. Ndani kuna uwanja wa majani na ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, uliojengwa miaka ya 1990, na wale wa miaka mitatu mpaka sita walizishuka na kuzipanda hizo ngazi mpaka nikachoka mimi ninayewatazama. Historia ya mahali pale ina mchanganyiko wa kuchekesha: mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na reli ya kutoka mjini mpaka Bububu, kama maili saba hivi, na eneo la Ngome likatumika kwa shughuli zake. Miaka ya 1940 mle ndani palikuwa na klabu ya wanawake, wakicheza tenisi. Askari, wafungwa, gari moshi, tenisi. Siku hizi ni maduka ya picha na vinyago, na hapo malalamiko ya mamangu yana ukweli, kwani mtoto mwenye pesa mfukoni atazimalizia pale pale mlangoni.

Lakini tuseme kweli. Ngomeni ni dakika arubaini. Ukikaa saa nzima umekaa kwa ajili ya kivuli. Na ikiwa ni Februari, uliza kwanza, kwa sababu tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likifanyika humo kwa miaka mingi, na siku za tamasha huingii kwa mguu mtupu, unaingia kwa tiketi.

Kinachoiokoa Ngome ni majirani zake. Ukitoka tu mlangoni watoto watauliza lile jengo kubwa la pembeni lina nini. Ni Beit el Ajaib, aliyoijenga sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Tangu wakati huo limo kwenye matengenezo, kwa hiyo usiahidi mtu kwamba ataingia. Waahidi hadithi. Sisi tulisimama ukingoni mwa bahari, mume wangu akaonesha kwa mkono zilikotia nanga manowari za Waingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, zilipolipiga mizinga kasri la mfalme kwa sababu Seyyid Khalid alikalia kiti bila ridhaa yao. Vita vyote havikufika hata saa moja. Mtoto wangu wa kiume wa miaka tisa alihisi amedhulumiwa. "Hata saa moja?" Mechi ya mpira ni ndefu kuliko hiyo.

Bustani inayoamka jioni

Forodhani, kama jina linavyosema, palikuwa pa forodha, pa mizigo na makuli. Bustani ilikuja miaka ya 1930, kuadhimisha jubilii ya miaka 25 ya ufalme, na kwa muda ikaitwa bustani ya Jubilii. Hii tuliyo nayo leo, yenye njia za kupitika, miti na taa, ni ya baada ya matengenezo makubwa yaliyofanywa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni. Ilifunguliwa upya mwaka 2009.

Kosa letu la kwanza tulifika saa nne asubuhi. Msifanye hivyo. Saa nne Forodhani ni sakafu ya moto na paka waliolala. Tukazunguka Ngomeni, tukazunguka vichochoro, saa saba tayari watoto wamechoka na Forodhani yenyewe bado haijaamka. Bustani ile inazaliwa saa kumi na moja, meza zinapopangwa na taa zinapowashwa, na saa ya magharibi ndipo inapokuwa na roho. Vijana wanachukua mbio na kuruka baharini kutoka ukutani, wengine kwa kichwa, wengine wakijipindua hewani, na ndugu yangu aliyekataa pwani akasimama nusu saa nzima akiwapigia makofi. Mbele hapo ukuta unakatika ghafla na chini ni maji, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu ashikwe mkono wakati wote. Si kwa kumtupia jicho, ni mkono ndani ya mkono.

Chakula sina haja ya kukueleza kwa urefu, unakijua. Urojo, mishikaki, pweza, piza ya Forodhani inayokunjwa kwa yai, miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Nitasema hili tu: uliza bei kabla hujanyoosha kidole. Sisi tulikaa meza moja, tukala, kisha tukasomewa hesabu ya wageni wa hotelini. Mke wa ndugu yangu alipofungua mdomo kwa Kipemba chake, bei ikashuka nusu, na muuzaji akacheka kama aliyefumaniwa. Tulilipa, tukacheka sote, lakini ungekuwa ugomvi kwa mwengine.

Kwa mamangu Forodhani ilikuwa bora kuliko alivyokubali kusema. Viti vipo, sakafu ni sawa, choo si cha kutafutwa, teksi inafika karibu. Alikaa na fimbo yake, akaagiza kahawa, akasikiliza taarab kwenye simu ya mtu wa meza ya pili, na mara mbili nilimwona anatikisa kichwa kwa mdundo.

Maruhubi, na swali ambalo hukulitarajia

Siku ya pili tukapanda daladala ya Bububu, namba 502. Mwambie konda "Maruhubi, magofuni" na atakushusha njiani. Ni kilomita chache tu kutoka mjini. Kwa pesa hapo hakuna ushindani, ni nauli ya gari, kiingilio kidogo, na kikapu chako cha chakula.

Seyyid Barghash alilijenga kasri la Maruhubi mwanzoni mwa miaka ya 1880 na likateketea kwa moto mwaka 1899. Ghorofa ilikuwa ya mbao, ndiyo iliyokwenda. Zimebaki nguzo nene zilizoibeba, zimesimama kwa mistari kama watu waliosahaulika kwenye foleni. Ipo hamamu, nyumba ya kuogea, na yapo mabirika ambayo maua ya yungiyungi huota ndani yake. Miembe mikubwa inatoa kivuli cha kweli, kivuli ambacho Forodhani saa nne huwezi kukipata, na ufukweni mafundi wanatengeneza majahazi. Watoto wa kiume watatu waliacha magofu yote wakaenda kumtazama fundi akipiga kalafati, akisukuma pamba kwenye mianya ya mbao kwa patasi na nyundo. Sikuwakataza. Ufundi ule ni wa zamani kuliko kasri lenyewe.

Swali alilitoa binti wa miaka kumi na minne, kibao kinaposema kasri lilikuwa la masuria. "Shangazi, suria ni nani?" Mke wa ndugu yangu akatazama bahari. Mume wangu ghafla akakumbuka simu yake. Nikaona hapa pa kuchagua: kumwambia ni wake wa mfalme, ambayo ni nusu ya maneno, au kumwambia kweli. Nikamwambia kweli. Suria alikuwa mwanamke mtumwa aliyechukuliwa na bwana wake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Barghash mwenyewe ndiye aliyetia saini mkataba wa kulifunga. Kasri hili lilijengwa baada ya hapo. Utumwa ukafutwa kisheria mwaka 1897, ila masuria wakaachwa nje ya sheria ile, mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo waliokuwa wakipita baina ya nguzo hizi, soko likiwa limefungwa, bado hawakuwa na hiari. Yule binti hakusema kitu. Baadaye nilimwona amekaa peke yake kwenye ukingo wa hamamu, na sikumfuata.

Nalieleza hili kwa sababu ndiyo tofauti kubwa ya sehemu hizi mbili, kuliko chakula na kivuli. Ngomeni historia ni ya mizinga, mtoto anaimeza kama mchezo. Magofuni ni ya nyumba, nani alilala wapi na nani alimtumikia nani, na mtoto aliyekua kidogo lazima atauliza. Mzazi asiyetaka kuulizwa aende Ngomeni. Simlaumu, kila siku ina yake.

Mtoni

Kwa Mtoni mamangu ndiye aliyekuwa na zamu, na alikuwa akiisubiri tangu Fuoni. Yeye kakulia Bububu. Tulimwekea mkeka na mto, akaegemea ukuta wa mfalme kana kwamba ni wa kwao.

Kasri la Mtoni ndilo kongwe katika makasri ya Unguja. Sultani Seyyid Said alilianza mwishoni mwa miaka ya 1820, kabla hajahamishia makao yake hapa kutoka Maskat. Liliungua mwaka 1914. Ukilinganisha kwa macho, Maruhubi ni zuri zaidi kwa picha, na mtu aliyekuja kupiga picha tu Mtoni atashangaa ameletewa nini: kuta, matao, mahali pa maji, bahari. Lakini Mtoni kuna kitu ambacho hakuna kwengine kote Unguja. Kuna mtoto aliyeishi humo akaandika.

Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa hapo mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alifariki mwaka 1924 huko huko Ujerumani. Kurasa zake za mwanzo ni Mtoni tupu, na ni Mtoni ya mtoto: uani walikuwa wakitembea paa, tausi, kanga, korongo wekundu, mabata na mbuni, wote pamoja. Mto uliolipa kasri jina ulipita ndani ya boma na kugawanyika. Mbele ya bahari palikuwa na roshani kubwa ya mbao, ya duara, iliyopakwa rangi, na Seyyid Said alikuwa akienda huko na kurudi, kichwa ameinamisha, akichechemea kidogo kwa jeraha la zamani la vitani. Watoto wakimwona hivyo hawamsogelei.

Mamangu haya ameyajua kwa kusomewa, na anayasimulia kana kwamba alikuwepo. Alipofika kwenye mwalimu, watoto saba walikuwa wamekaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu. Mwalimu alikuwa mwanamke kutoka Oman, mkali sana. Na karibu na mabafu ilikuwepo michungwa mikubwa, basi watoto wa mfalme wakimkimbia mwalimu walipanda juu ya michungwa wakajificha kwenye majani.

"Watoto wa mfalme, bibi?"

"Wa mfalme. Fimbo haijui mtoto wa nani."

Halafu akawapa la mwisho. Wasichana walifundishwa kusoma tu, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe, kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa kibao cha kuandikia siku zile. Kaulizwa mara tatu mfupa huo ulikuwa mkubwa kiasi gani. Saa nzima iliyofuata walikuwa wakitafuta mchungwa wa Salme. Mchungwa hakuna, bila shaka, lakini mti wowote ulitosha.

Nisahihishe na jambo jengine ambalo kila dereva atakwambia ukiwa njia ile, kwamba Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa gari moshi. Ni maneno matamu, na mume wangu aliyaamini miaka arubaini. Lakini Salme anaitaja Bububu kwa jina hilo hilo, na kitabu chake kilitoka mwaka 1886, ilhali reli ilikuja karne iliyofuata. Mume wangu akasema labda gari moshi lilisikia jina la mji, likaiga.

Jua, njaa na magoti

Sasa mambo ya mkono. Magofuni nenda mapema, saa mbili na nusu uwe umeshashuka garini, na saa saba uwe umeondoka. Mchana wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, joto la kule halina upepo wa kutosha kulishinda. Masika usiende kabisa na watoto wadogo. Majani yanapanda, njia zinateleza, na mbu hawangoji jioni. Kipupwe ni sawa. Tazama pia maji: yakitoka, watoto wana pwani ndefu ya kuchezea mbele ya magofu, bamvua likijaa, mnabaki na kuta tu.

Chakula Maruhubi na Mtoni ni kile ulichobeba. Tulibeba mkate wa kumimina, kachori, mayai, maembe na chupa mbili kubwa za chai ya maziwa, na bado saa sita watoto walikuwa wakiomba piza. Choo usikitegemee, wale wadogo wakojoe kabla ya kutoka nyumbani, na ubebe nguo ya pili. Ardhi ni ya mawe na mizizi. Mamangu tulimshika mikono pande mbili, na kila hatua alitukumbusha kwamba wazo lilikuwa lake. Mtu wa kigari cha magurudumu Mtoni atateseka, Forodhani atapita bila taabu.

Kwa gharama, watu hudhani mjini ni rahisi kwa sababu Ngomeni siku za kawaida tuliingia bila kulipa. Si kweli. Siku ya mjini ilitugharimu karibu mara tatu ya siku ya magofu, na yote ni tumbo. Mtoto akiona meza ya Forodhani hashibi kwa macho.

Usalama nao unapingana. Forodhani hatari ni ukingo wa bahari na msongamano, hasa Idi, ambapo mtoto anaweza kupotea baina ya meza mbili; siku hizo tuliwaandikia namba ya simu mkononi kwa kalamu. Magofuni hatari ni kuta zenyewe. Mawe ya chokaa yaliyosimama zaidi ya miaka mia moja bila paa hayataki mtu apande juu yake, na utalirudia hilo mpaka sauti ikauke.

Kidichi na Dunga, kwa mwenye gari

Watu wawili niliowaeleza haya waliniuliza kwa nini sikuitaja Kidichi. Hamamu za Kidichi ni za mwaka 1850, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, mjukuu wa mfalme wa Uajemi. Ndani kuna nakshi za chokaa za maua na ndege, kazi ya Kiajemi ambayo huioni kwengine hapa. Ni nzuri sana na ni ya robo saa. Iunganishe na mashamba ya viungo yaliyoizunguka, mtoto anuse mdalasini ukiwa kwenye mti, ndipo siku inakamilika. Peke yake haistahili gari la kukodi.

Dunga, njia ya Chwaka, ni kasri la Mwinyi Mkuu, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Kwa mimi ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu hao ndio watawala wa wenyeji, wenye ngoma na siwa zao, yaani pembe za kifalme, kabla na pembeni ya masultani. Wa mwisho alifariki mwaka 1873. Lakini hadithi zake ni za damu kwenye misingi, na mwenye mtoto anayeota usiku asubiri miaka michache.

Basi wapi?

Ukiwa na watoto chini ya miaka saba, au mzee asiyeweza kutembea juu ya mawe, Ngome na Forodhani, na usitoke nyumbani kabla ya saa tisa alasiri. Ngomeni saa kumi, bustanini saa kumi na moja, magharibi mswali msikiti wa karibu, mle, saa mbili usiku mko njiani.

Ukiwa na watoto wa miaka minane na kuendelea, Mtoni, kwa sharti moja, awepo mtu wa kusimulia. Bibi, ami, mwalimu, jirani mwenye maneno. Bila msimulizi Mtoni ni mawe, na watoto watakulaumu kwa haki. Maruhubi ipitie njiani, nusu saa ya nguzo na nusu saa ya mafundi wa majahazi.

Watu watakwambia fanya yote siku moja, asubuhi magofu, jioni Forodhani. Inawezekana kwenye karatasi. Jirani yetu alijaribu, na saa moja magharibi alikuwa Forodhani amebeba watoto wawili waliolala, mmoja kila bega, na mishikaki inapoa mbele yake. Kati ya siku hizi mbili, rudi nyumbani mlale mchana.

Nilipowauliza watoto saba walipenda wapi, watano walisema Forodhani, na sitaficha. Wawili walisema Mtoni, yule wa darasa la sita na yule binti wa miaka kumi na minne. Ndugu yangu yeye alikataa kupiga kura. Alisema sisi watu wa Unguja tunajisifu kwa makasri yaliyoungua, wakati wao wana Pujini, ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye wazee husimulia aliwafanya watu wabebe mawe huku wakisota kwa makalio. Na kisima chake, kilichotiwa ukuta kati kwa kati kwa sababu wake zake wawili hawakutaka kuonana wakiteka maji. Mamangu alicheka kisima hicho mpaka akashika kifua, kisha akauliza meli ya Pemba inaondoka saa ngapi, na Pujini kuna mahali pa kukaa au abebe mkeka wake.